Tafakuri ya Ramadhani 22: Mche Haukai Kitaluni Milele

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha siku ya 22 ya Ramadhani ya mwaka 1446. Jua likizama leo tunaingia usiku wa 23, mmoja kati ya zile witiri tulizoelekezwa kuitafuta Lailatul Qadr ndani yake. Tusichoke, jamani. Aliyelala jana aamke leo. Aliyeamka jana asiache.

Leo naomba tutoke nje kidogo. Twende nyuma ya msikiti, pale karibu na tangi la maji ya udhu. Mlioswali Alfajiri leo mtakuwa mmekiona kile kitalu cha mboga ambacho mama zetu walikiotesha siku tatu kabla ya mfungo. Kuna kabichi, kuna chainizi, kuna nyanya, na mwisho kabisa kuna tuta la vitunguu. Siku ile wanasia mbegu, wengine tulipita tukasema, "Hawa mama wana muda kweli, Ramadhani inaingia wao wanacheza na udongo." Sasa leo miche ina majani matatu hadi manne, shina limeanza kunenepa, na kila anayepita anauliza, "Mtagawa lini?"

Watagawa, insha Allah, tangazo liko mwisho wa ujumbe huu. Lakini kabla ya kubeba miche, tukae nayo kidogo. Nimekaa nayo mimi wiki nzima hii, na kuna jambo imenifundisha ambalo nina deni la kuwaambia.

*Mbegu na aliyeiotesha*

Katika Surat Al-Waqi'a, aya ya 63 na 64, Mola wetu anatuuliza kuhusu mimea tunayoilima: ni sisi tunaoiotesha, au ni Yeye? Swali hilo ukilisoma ukiwa umekaa kwenye zulia unaweza kulijibu haraka ukaendelea. Lisome ukiwa umechuchumaa mbele ya kitalu siku ya tatu, udongo uko kimya, hujui kama mbegu ni nzima au duka limekuuzia za zamani. Hapo ndipo unaona upande wako ulivyo mdogo.

Upande wetu tuliufanya. Mama zetu walitengeneza tuta lenye upana wa mita moja ili mtu aweze kufikia katikati bila kulikanyaga. Wakaliinua kama sentimita 15 hadi 20, kwa sababu Machi huku kwetu mvua bado ipo, na maji yakituama kwenye kitalu mbegu inaoza. Wakachanganya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Nasema iliyooza, maana samadi mbichi inaunguza mizizi michanga. Hili wazee wa Kifipa wanalijua tangu zamani: ndiyo maana walifukia majani chini ya udongo kwenye yale matuta ya mviringo yanayoitwa intumba, wakayaacha yaoze na mvua, ardhi ikapata nguvu yake taratibu. Kisha mama zetu wakachora mistari, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, kina kama sentimita moja tu. Wakasia, wakafunika kwa udongo laini, wakatandaza majani makavu juu, wakamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu ili maji yasiichimbue mbegu.

Baada ya hapo? Hakuna. Walinawa mikono wakaenda kupika. Kupasuka kwa mbegu gizani, mzizi kujua kwamba njia yake ni chini na jani kujua kwamba njia yake ni juu, hayo hayamo kwenye kazi ya mama yeyote wa Pito. Surat Al-An'am, aya ya 95, inatuambia ni Mwenyezi Mungu ndiye anayeipasua punje na kokwa. Sisi tunaandaa mahali, na Yeye ndiye anayeotesha.

Basi ndugu yangu, mwaka huu kama umeona mtoto wako ameanza kufunga mwenyewe, au mumeo ameanza kuamka kwa ajili ya daku na kubaki mpaka Alfajiri, au wewe mwenyewe umejikuta unalia kwenye rakaa ya tarawehe bila kujua kwa nini, usijisifu na usijidharau. Kuna kitu kimepasuka gizani na Mwenye kukipasua unamjua. Kazi yako sasa ni kukitunza.

*Maji mengi nayo yanaua*

Mche ukishachomoza, yale majani makavu ya juu yanaondolewa, la sivyo miche inarefuka kama nyuzi ikitafuta mwanga. Panajengwa kichanja cha kivuli, kimo cha kama mita moja, ili jua kali na mvua ya mawe visiiguse. Halafu inakuja kazi ambayo watu wengi hawaipendi: kupunguza miche. Ikibanana sana, hewa haipiti. Ukiongeza na kumwagilia kupita kiasi, unaingia ugonjwa unaoitwa kinyausi. Asubuhi unakuta mche umelala chini, shina limelainika pale linapokutana na udongo. Jana ulikuwa mzima. Mkulima mgeni akiona umelala anadhani ni kiu, anaongeza maji. Anamalizia kuua waliobaki.

Nimelifikiria hili nikiwa kama mtu wa mimbari. Tuna tabia, hasa sisi tunaoitwa maustadh, mtu akija msikitini kwa mara ya kwanza baada ya miaka, tunammwagia ndoo nzima siku hiyo hiyo. Suruali yako ndefu. Udhu wako haujakamilika. Simu yako ina muziki. Na mkeo je, anavaa vipi? Yote hayo huenda ni kweli. Lakini shina lake lina siku tatu. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwelekeza aanze na shahada, wakikubali hilo ndipo awaeleze sala, wakikubali hilo ndipo awaeleze zaka. Imo katika Bukhari na Muslim. Maji kidogo kidogo, kwa wakati wake.

*Kwa nini mnawaonesha kiu?*

Juzi baada ya Laasiri mama zetu walianza kuondoa kile kivuli. Siku ya kwanza waliondoa kwa saa chache za asubuhi, jana wakaongeza, leo miche imekaa wazi karibu siku nzima. Na maji wamepunguza. Zamani walimwagilia asubuhi na jioni, sasa wanaangalia kwanza udongo.

Mtoto mmoja wa madrasa, yuko kama miaka minane, alisimama pale akaniuliza, "Ustadh, maji si yapo kwenye tangi? Kwa nini wanawaonesha kiu?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima. Nilimjibu hivi: kwa sababu wanahama. Hapa kitaluni kuna kivuli, kuna mama wa kuwaangalia mara mbili kwa siku, kuna udongo laini. Huko bustanini wanakokwenda kuna upepo wa Ufipa ambao nyote mnaujua, kuna jua la mchana, kuna baridi ya usiku ambayo mwezi wa sita na wa saba inauma hata sisi wenye masweta. Mche uliolelewa kwenye kivuli na maji tele ukiupeleka moja kwa moja kule, jioni yake umelala. Kwa hiyo siku 7 hadi 10 kabla ya kuuhamisha unaukomaza. Unauzoesha jua kidogo, kiu kidogo, ukiwa bado uko mahali unapoweza kuukimbilia. Shina linakuwa gumu, jani linakuwa nene, mzizi unashuka chini zaidi kutafuta unyevu.

Mtoto akafikiri, akasema, "Kama sisi na saumu." Akakimbia kucheza.

Ndugu zangu, sina cha kuongeza. Surat Al-Baqara, aya ya 183, inatupa lengo la funga yetu: tupate kumcha Mungu. Maji yapo kwenye mtungi, chakula kipo jikoni, hakuna polisi anayelinda, na bado hunywi. Mwenyezi Mungu anakuonesha kiu ukiwa ndani ya mwezi wa rehema, jirani zako wamefunga, msikiti umejaa, ili utakapohamishwa usinyauke. Na utahamishwa. Zimebaki siku saba au nane. Hilal ya Shawwali ikiandama, kivuli chote kinaondolewa siku moja.

Ndiyo maana nasema mche haukai kitaluni milele. Ukiuacha humo wiki nyingi kwa kuuonea huruma, unarefuka, unakonda, mizizi inafungana na ya jirani yake, na kabichi haitafunga kamwe. Kitalu kiliwekwa kwa ajili ya safari. Ramadhani nayo ni hivyo hivyo. Haikuletwa ili tubaki ndani yake. Ililetwa ili tufike Shawwali, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na kuendelea tukiwa na mizizi.

*Salman na miche 300*

Katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) kuna siku moja ya kupandikiza miche ambayo kila mwenye bustani angepaswa kuijua. Imo katika Musnad ya Imam Ahmad, na wanazuoni wa sira wameisimulia.

Salman Al-Farsi (R.A.), yule mtu wa Uajemi aliyetangatanga nchi na nchi akiitafuta haki, alifika Madina akiwa mtumwa. Alikuwa ameshasilimu, lakini utumwa ulimfunga. Badr ilimpita. Uhud ikampita. Mtume akamwambia aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bei ikawa kubwa: apande mitende 300 na kuihuisha, pamoja na uzito wa uqiya 40.

Mitende 300! Mtumwa asiyemiliki hata jembe lake. Mtume akawageukia masahaba akawaambia wamsaidie ndugu yao. Hapo naomba tusimame kidogo, tuangalie jinsi walivyosaidia. Hakuna mmoja aliyeleta 300. Huyu alileta miche 30, huyu 20, yule 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, mpaka ikatimia.

Halafu Mtume akampa Salman kazi: nenda ukachimbe mashimo, ukimaliza niite mimi. Salman akachimba, na wenzake wakamsaidia kuchimba. Mashimo yalipokuwa tayari, Mtume (S.A.W.) akatoka mwenyewe, wakawa wanamsogezea miche, naye anaiweka ardhini kwa mkono wake. Salman anaapa katika simulizi yake kwamba haukufa hata mmoja. Baadaye akapata dhahabu ya kumalizia deni, akawa huru, na vita vyake vya kwanza pamoja na Mtume vikawa Khandaq.

Angalieni mpangilio, ndugu zangu. Mashimo kwanza, miche baadaye. Kila mkulima anajua: uking'oa miche kabla hujachimba mashimo, inakufa mkononi huku unatafuta jembe. Na angalieni jambo la pili. Mtume hakuishia kutangaza mchango. Alikwenda shambani. Mkono wake uligusa udongo kwa ajili ya mtu mmoja mgeni, asiye na ukoo Madina.

*Deni langu*

Sasa niseme lile nililoahidi.

Ramadhani ya mwaka jana alikuja kijana mmoja, dereva wa bodaboda. Sitamtaja na msimtafute. Alianza usiku wa kwanza wa tarawehe, anakaa nyuma kabisa karibu na viatu. Usiku wa nne akasogea safu moja. Katikati ya mwezi alikuwa anagawa tende wakati wa futari, na tulikuwa tunamgombania, kila sinia linamwita, "Njoo ukae hapa kijana wetu." Nilimsifu mbele za watu. Nilifurahi naye kwa kweli. Waislamu wa huku Ufipa si wengi, na kijana mmoja akirudi msikitini tunamhesabu.

Idd ikapita. Na Ijumaa ya pili au ya tatu ya Shawwali nilipanda mimbari nikiwa na hasira, kwa sababu safu zilikuwa zimepungua. Nikasema maneno juu ya "Waislamu wa msimu". Nikawafananisha na uyoga wa mvua za kwanza. Watu walicheka. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahia kile kicheko nikaongeza mfano mwingine.

Sikumwona tena yule kijana. Nikajiambia, naye ni walewale.

Miezi ikapita. Siku moja natoka mjini, nimechelewa, nasimamisha bodaboda, ni yeye. Alinibeba mpaka Pito. Njiani hatukuzungumza sana, upepo. Tulipofika nikamwambia, kwa lile jicho letu la maustadh, "Mbona umetupotea?"

Akazima pikipiki. Akasema kwa adabu kabisa, "Ustadh, mimi baada ya Idd nilikuja. Nilikuja Isha mara tatu. Mlikuwa wachache, mkimaliza kila mtu anavaa viatu anaondoka, hakuna aliyeniuliza hata nimeshindaje. Na ile Ijumaa ya uyoga nilikuwepo. Nilikuwa palepale kwenye viatu. Watu walipocheka niliona wananicheka mimi."

Akakataa nauli. Akaondoka.

Ndugu zangu, mnaelewa nilichofanya? Yeye hakuwa Muislamu wa msimu. Yeye ndiye aliyekuwepo! Wa msimu hawakuwepo kusikia. Niliutoa mche kitaluni, nikautupa juani bila shimo, bila maji, bila kivuli cha siku mbili, na uliponyauka nikasimama juu yake nikaucheka.

Mkulima anajua kwamba siku ngumu kuliko zote kwa mche ni zile tano au saba za kwanza baada ya kuhamishwa. Mizizi mingine imekatika wakati wa kung'olewa, mingine haijashika. Hata uwe umekomaa namna gani, siku hizo unahitaji mtu. Unapandikiza jioni, jua likiwa limepoa. Unaumwagilia. Unachomeka jani la mgomba au nyasi upande wa jua kwa siku mbili tatu. Asubuhi unapita kuangalia kama sota hawajaukata usiku. Baada ya wiki unarudi kujaza mapengo. Hakuna mkulima duniani anayepandikiza kabichi halafu anakwenda kulala mwezi mzima, kisha anarudi kuzitukana.

Lakini sisi watu wa msikiti tunafanya hivyo na watu. Ramadhani tunawagombania kwenye sinia. Shawwali hatujui hata majina yao.

Mwaka huu hajaja. Leo ni siku ya 22. Nilikwenda kwake mwanzoni mwa Ramadhani nikamwomba radhi, akanisikiliza, akasema, "Nitaangalia, ustadh." Ana haki ya kuangalia. Mimi nitakwenda tena, na tena, bila hotuba. Sijui kama bado yumo humu kwenye chaneli au alishajitoa. Kama unasoma, mdogo wangu: nilikosea mbele za watu, na leo naomba radhi mbele za watu. Nafasi yako haijachukuliwa na mtu.

*Chimba shimo leo*

Basi tufanye nini? Naomba mambo matatu, madogo, na yote yaanze kabla ya Idd, kwa sababu shimo huchimbwa kabla.

La kwanza ni la nafsi yako. Usisubiri mwezi uandame ndipo ufikirie utakuwa nani Shawwali. Chagua sasa hivi jambo moja utakalohama nalo. Moja tu. Labda ni Alfajiri kwa jamaa. Labda ni ukurasa mmoja wa Qur'ani kila siku baada ya Magharibi. Labda ni ulimi, hukusengenya mwezi mzima na umeona inawezekana. Mama Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Usihamishe kitalu kizima siku moja. Kabichi inataka nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, ukizibana zote zinakuwa majani matupu. Na zile funga sita za Shawwali, kwa mwenye uwezo, ziangalie kama maji ya siku za kwanza: Mtume ametuambia mwenye kufunga Ramadhani akaifuatisha na sita za Shawwali ni kama amefunga mwaka. Imo katika Sahihi Muslim.

La pili ni la mwenzako. Angalia kushoto na kulia kwako tarawehe ya leo. Kuna sura mpya. Chagua mmoja, uliza jina, chukua namba. Usimpe darsa. Siku ya tatu baada ya Idd mpigie, "Umeshindaje? Tutaonana Isha?" Basi. Mama zetu nao vivyo hivyo upande wao. Msikiti wetu ukiwa na watu 40 walioshika namba 40, sitahitaji hotuba ya hasira tena. Tutafanya kama masahaba na miche ya Salman: mwenye uwezo wa kumi alete kumi, mwenye mmoja alete mmoja.

La tatu ni la jirani. Majirani zetu wengi hapa ni Wakristo, na mwaka huu nao wako kwenye Kwaresma yao wakati sisi tumefunga. Utakapochukua miche, chukua kumi ya ziada, mpelekee jirani. Anas bin Malik (R.A.) amepokea, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Hakusema ndege wa dhehebu gani. Hata yule mbuzi wa jirani aliyekula chainizi zako mwaka jana, hesabu yake ipo kwa Mola wako. Funga uzio, lakini usigombane.

Na kama kuna mtu anasoma hapa akisema, "Mimi nimechelewa, siku 22 zimepita sijafanya kitu," kwake ninayo hadithi moja. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alielekeza: hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda basi aupande. Kiyama, ndugu yangu! Nani atakula? Hakuna. Bado ameambiwa apande. Wewe una siku saba au nane na usiku wa leo. Utasemaje umechelewa?

*Tangazo la miche*

Miche itagawiwa wiki ya kwanza ya Shawwali, siku itatangazwa humu, baada ya Laasiri ili upandikize jioni hiyo hiyo. Ni bure. Vitunguu bado, vinataka wiki sita hadi nane, msiviguse. Njoo na ndoo au beseni, na gunia lililoloweshwa la kufunikia mizizi. Kitalu kitamwagiliwa saa chache kabla ili miche itoke na udongo wake, na tafadhali tutaing'oa kwa kuichimbua, mtu asivute kwa shina. Uchague mche mfupi mnene wenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, usichague mrefu mwembamba kwa sababu unapendeza. Kabichi na chainizi panda kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, nyanya unaweza kuzamisha zaidi kidogo maana shina lake linatoa mizizi. Shindilia udongo kidogo kwa vidole, mwagilia, weka kivuli. Na mashimo, rafiki yangu, yawe tayari nyumbani kabla hujaja.

*Dua*

Ewe Mola wetu, Wewe unayepasua mbegu gizani, zikubali funga zetu na visimamo vyetu, utufikishe Lailatul Qadr na utuandikie kheri zake. Usitufanye wa kustawi kivulini tukanyauka juani. Tupe mizizi. Wasamehe waliotukosea, na utusamehe sisi tuliowakosea walioanza kuja Kwako, uwarudishe na utupe haya na upole wa kuwapokea. Wabariki mama zetu waliokaa kwenye udongo huku wamefunga. Wape shifaa wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, na uiteremshie nchi yetu mvua ya rehema na mavuno yenye baraka. Amin.

Tukutane Isha na tarawehe, insha Allah. Ukiingia, kabla hujakaa, uliza jina la mtu aliye karibu na viatu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.